Boksi la spea kwa gari la zamani kusini: la lami na la Liwale

Anayepanga kwenda Lindi au Mtwara na Land Rover Series III, Peugeot 504 au Volkswagen Beetle huanza kwa kuuliza abebe spea gani. Swali la kwanza liwe anapita wapi, kwa sababu kusini kuna barabara za aina mbili na kila moja inataka boksi lake.

Ya kwanza ni ya lami: Dar es Salaam, Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Mchinga, Lindi, kisha njia panda ya Mingoyo ambako unachagua Mtwara au Masasi. Mabasi yanapita. Gari likigoma Mchinga asubuhi, unapiga simu Kariakoo, spea inafungwa, inapandishwa basi, na kesho yake unaipokea stendi ya Lindi. Ya pili ni ile inayoacha lami: Nangurukuru kwenda Liwale, zaidi ya kilomita 200, au kuingia Liwale kwa upande wa Nachingwea. Sehemu kubwa ni changarawe na mchanga, magari ni machache, na mvua za huku zinazoanza Novemba au Desemba zinaweza kukulaza ulipo. Hata lami isikupumbaze: Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara maeneo ya Somanga na magari yakalala foleni.

Kwa kila kifaa jiulize mambo matatu. Kikifa, gari linasimama? Duka la Lindi, Masasi au Mtwara litakuwa nacho? Naweza kukibadilisha mwenyewe pembeni mwa barabara ndani ya saa moja? Kinachosimamisha gari, hakipo dukani, na kinabadilishika kwa spana chache, hicho ndicho cha kubeba. Giaboksi, difu na kreni shafti haviingii kwenye boksi hata uwe unakwenda Liwale na kurudi mara mbili. Ikifa giaboksi, tatizo lako ni gari la kukuvuta, si spea.

Moto: platini au elektroniki

Hapa ndipo magari ya zamani hukwama zaidi, na hapa ndipo spea ndogo kuliko zote huokoa safari.

Platini, yaani midomo miwili midogo ndani ya distribyuta inayofunguka na kufunga ili kutoa moto wa plagi, zina sifa moja kubwa: hufa polepole na zinatengenezeka. Kiguu cha platini kinachosugua kemu ya distribyuta huisha taratibu, pengo linazidi kufunga, moto unachelewa, gari linakuwa zito kwenye vilima na injini inapata joto kuliko kawaida. Wengi wakifika hapo huanza kuhangaika na kabureta au rejeta, kumbe ni pengo. Kwa Beetle na 504 pengo ni milimita 0.40, kwa Land Rover ya injini ya petroli ya lita 2.25 ni inchi 0.014 hadi 0.016, yaani kama milimita 0.35 hadi 0.40. Zungusha injini mpaka kiguu kikae juu kabisa ya kona ya kemu, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo), kaza skrubu, kisha pima tena, maana skrubu ikikazwa pengo husogea. Kama fila geji imepotea, kadi ngumu ya biashara inakaribia kipimo hicho na itakufikisha Lindi. Paka griisi kidogo sana kwenye kemu, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Kemu ikiwa kavu, kiguu kinaisha haraka. Griisi ikizidi, inarukia platini na moto unakufa kabisa.

Mfumo wa elektroniki unaochukua nafasi ya platini hauchakai, hauhitaji kurekebishwa pengo, na gari linawaka vizuri asubuhi. Ubaya wake ni kwamba ukifa unakufa wote kwa pamoja, bila kuaga, na hakuna fundi wa barabarani atakayeufufua. Baadhi yake huungua ukiacha swichi imewashwa wakati injini imezima, na karibu yote huungua ukigeuza waya za betri. Hatushauri kuung'oa kama umeshaufunga na unafanya kazi. Ila chukua sahani ya ndani ya distribyuta yenye platini na kondensa (kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye platini), uifunge yote ikiwa tayari imeshaunganishwa, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko. Gari likigoma unatoa moja unaweka nyingine, unaweka pengo, unaondoka.

Kwa hiyo kwa njia ya lami, elektroniki pamoja na sahani ya akiba ni sawa. Kwa Liwale tungepanda na platini ndani na platini nyingine kwenye boksi.

Kondensa inastahili neno lake. Ikianza kufa gari linawaka likiwa baridi, linakimbia kilomita kadhaa, linakata moto likipata joto, kisha linawaka tena baada ya kupoa. Ukifungua kifuniko cha distribyuta usiku na mtu akapiga stata, utaona cheche kubwa kati ya midomo ya platini badala ya moto kwenda kwenye plagi. Kondensa mpya za siku hizi nyingi ni dhaifu, na hili ndilo kosa kubwa la watu wanaojaza boksi: wanabeba kondensa mpya ambayo haijawahi kufanya kazi. Ifunge kwenye gari wiki mbili kabla ya safari, tembea nayo mjini. Ikivumilia joto, iache ndani na ile ya zamani iliyokuwa nzima ndiyo iende kwenye boksi.

Koili nayo usichukue yoyote tu. Ipo inayotumia rezista ya nje na ipo isiyotumia. Ile ya rezista ukiifunga bila rezista inachemka na kuunguza platini. Linganisha na iliyopo, na ukipima kwa mita, koili ya volti 12 isiyohitaji rezista huwa karibu na omu 3 kati ya ncha zake mbili ndogo. Ongeza rota moja, plagi mbili, na waya mmoja wa plagi, ule mrefu kuliko wote, kwa sababu mrefu unafika popote. Andika mpangilio wa moto ndani ya kifuniko cha boksi kwa kalamu ya wino mzito: Land Rover 1-3-4-2, Beetle 1-4-3-2. Ukichanganya waya gizani Nangurukuru, maandishi hayo yana thamani kuliko spea.

Petroli: pampu ya mitambo au ya umeme

Pampu ya mitambo inasukumwa na injini, haina waya, haina fyuzi. Inakufa kwa diaframu kutoboka au vali kushindwa kuziba. Diaframu ikitoboka kwa ndani, petroli inaweza kushuka kwenye oili. Chomoa stiki ya oili, nusa: ikinuka petroli na kiwango kimepanda, zima injini na usiendelee hata kilomita moja, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Watu hujadili wabebe kiti ya diaframu (seti ya vipuri vya kuitengeneza pampu) au pampu nzima. Kiti ni nyepesi, lakini kuifunga kunahitaji meza safi na subira, na kwenye pampu nyingi za karibuni hakuna skrubu, zimebanwa kabisa na hazifunguki. Chaguo letu ni la tatu: pampu ndogo ya umeme ya gari la kabureta. Inafaa karibu gari lolote la petroli, kwa hiyo mkiwa msafara wa magari matatu ya aina tofauti, pampu moja inatosha wote. Hakikisha ni ya presha ndogo, paundi 2 hadi 4 kwa inchi ya mraba (psi). Ukiuziwa ya gari la injeksheni, presha yake ni mara kumi na zaidi, itafurika kabureta na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto.

Ifunge karibu na tangi, chini ya usawa wa petroli, filta ikiwa kabla yake, na waya wake upite kwenye fyuzi na swichi utakayoifikia ukiwa umekaa. Pampu ya umeme haijui kuwa gari limepinduka. Inaendelea kusukuma mpaka mtu aizime. Pamoja nayo beba mita 2 za hozi ya petroli, klipu 6 na filta 2. Hozi na filta unaweza kuziba pengo kwa kununua duka la spea za bodaboda, ambalo halikosekani hata kwenye senta ndogo, ila pima kipenyo: hozi ya pikipiki mara nyingi ni nyembamba.

Tangi likipasuka ufa mdogo kwenye mawe ya njia ya Liwale, sabuni ya mche ni bora kuliko gundi ya chuma. Gundi inataka chuma kikavu kisicho na mafuta, na tangi linalovuja halikauki. Sabuni unaisugua kavu kwenye ufa mpaka ijae, petroli haiiyeyushi. Maji ndiyo yanaiyeyusha, hivyo ukivuka kijito itazame tena. Nusu mche unatosha.

Mkanda na maji

Kwa Beetle mkanda ndio uhai. Unazungusha dinamo na feni ya kupoza injini kwa pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla njiani, simama papo hapo. Beba mikanda 2, spana ya milimita 21 na bisibisi imara ya kushikilia puli. Mkazo wake haurekebishwi kwa kusogeza dinamo bali kwa viduara vyembamba vya bati vilivyo kati ya nusu mbili za puli: ukitoa kimoja katikati mkanda unakaza, na hicho ulichotoa unakiweka nje chini ya nati, usikitupe. Ukiusukuma kwa kidole gumba ushuke kama sentimita 1.5.

Land Rover na 504 wana rejeta, na ushindani hapa ni kati ya hozi nzima na tepu ya silikoni inayojishika yenyewe. Tepu ni nyepesi na inaziba tundu lolote, ila inashikilia kwa muda tu, na hozi iliyolainika kwa uzee haishikwi na tepu: ukiziba hapa inapasuka sentimita tano mbele. Kwa lami, tepu moja na hozi ya juu. Kwa Liwale, hozi zote mbili za rejeta. Ya chini mara nyingi ina umbo lake na huwezi kuibadilisha kwa kipande cha hozi iliyonyooka. Itajikunja na kuziba maji. Klipu za kukaza kwa skrubu, 6. Maji ya rejeta lita 10 kwenye dumu lenye alama, mbali na dumu la maji ya kunywa.

Mtu akikushauri kutoa themostati ili gari lisichemke, mwulize kwanza kwa nini linachemka. Rejeta iliyoziba haizibuki kwa kutoa themostati. Beba themostati moja na gasketi yake. Ni ndogo kuliko viberiti viwili.

Matairi: tyubu, uzi wa kuziba, au tairi la pili la akiba

Uzi wa kuziba tairi lisilo na tyubu unachukua dakika kumi, hata gurudumu huling'oi. Kwa msumari kwenye lami hakuna kinachoushinda. Lakini hauzibi ubavuni, na mawe ya Liwale hukata ubavu. Pia Land Rover nyingi bado ziko kwenye matairi ya saizi 7.50-16 yenye tyubu, na kwa hizo uzi hauna kazi.

Tyubu ya akiba inafaa magari yote, na inaokoa hata tairi lisilo na tyubu lililokatwa, ukiweka kipande cha ndani cha kuzuia. Masharti mawili: iwe ya saizi yake na iruhusiwe kwa tairi la radial, kisha ung'oe vibandiko vyote vya karatasi vilivyomo ndani ya tairi, kwa sababu vibandiko hivyo husugua tyubu mpaka inatoboka. Poda ya mtoto ndani ya tairi inasaidia. Beba vyuma viwili vya kutolea tairi, na ujaribu nyumbani kwanza. Tairi la Land Rover halitoki kwa hasira; linatoka kwa kukanyaga ukingo wa upande wa pili uingie kwenye bonde la katikati la rimu.

Tairi la pili la akiba ni zito, lakini kwa Beetle lina sababu ya pekee: saizi nyembamba za inchi 15 kama 155 au 165 hazipo madukani huku, wakati 16 za Land Rover hupatikana kirahisi zaidi kwa vile magari ya kazi huzitumia. Kwa hiyo mwenye Beetle anayekwenda Liwale abebe mawili. Mwenye Land Rover abebe moja na tyubu 2. Kwenye lami, moja na uzi wa kuziba, na pampu ya miguu au ya umeme kwa wote.

Jeki ya chupa ya tani 2 hadi 3 inashinda jeki ndefu ya reli kwa karibu kila mtu. Jeki ya reli ni ya Land Rover yenye bampa ya chuma; kwa 504 au Beetle haina pa kushika na inaweza kuteleza na kukuangukia. Lakini pima jeki yako gari likiwa tairi limeisha upepo: chupa nyingi zinakuwa ndefu mno kuingia. Beba ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene 4 hadi 5. Bila ubao, jeki inazama mchangani na gari halipandi. Na gari likiinuliwa, lile gurudumu ulilotoa lisukume chini ya chesisi kabla hujaingiza mkono.

Spana: inchi na milimita

Spana za mafundi wengi wa barabarani zimechaguliwa na Toyota na bodaboda: 10, 12, 14, 17. Gari lako la zamani la Ulaya halikubali mpangilio huo. Volkswagen na Peugeot wanataka 13 mahali pengi, na 13 ndiyo mtu wa senta hana. Land Rover hadi Series III ina boliti nyingi za inchi.

| Inchi | Kwa milimita | Ukitumia ya milimita |
|---|---|---|
| 7/16 | 11.1 | 11 haiingii, 12 inalegea na kuharibu kona |
| 1/2 | 12.7 | 13 inashika ukiwa mwangalifu |
| 9/16 | 14.3 | 14 haiingii, 15 inalegea |
| 3/4 | 19.05 | 19 inafaa |

Mwenye Land Rover abebe 7/16, 1/2 na 9/16 za pete na za mdomo, mbili mbili, nyingine ataazima. Mwenye Beetle: 10, 13, 17, 19, 21. Ziada ni koleo la kufungia kwa nguvu, bisibisi bapa mbili, waya laini wa chuma mita 3, na vipande vya mpira wa tyubu vya kufungia.

Fyuzi na breki

Duka litakuuzia fyuzi za miguu bapa. Gari lako lina za kioo au za kauri. Kwa fyuzi za kioo za Kiingereza kuna mtego: iliyoandikwa 35 inakatika ikifika ampea 35 lakini inabeba kama 17 tu kwa muda mrefu. Fyuzi ya aina nyingine iliyoandikwa 35 inabeba zote 35, na waya wako utaungua kabla yake. Za kauri za Volkswagen, nyeupe ni 8 na nyekundu ni 16. Tano tano za kila aina. Karatasi ya sigara usiizungushie fyuzi iliyokufa, hata kwa kilomita mbili.

Oili ya breki: chupa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, aina ileile iliyomo kwenye gari. DOT 3 na 4 hunyonya unyevu hewani, na pwani ya Lindi ina unyevu wa kutosha. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ni takataka. Ya silikoni haichanganywi na hizo. Silinda ya gurudumu beba nzima, moja ya nyuma, kuliko raba zake: raba mpya ndani ya silinda yenye kutu huvuja tena jioni hiyohiyo.

Kubeba au kuagiza

Pampu ya maji, alterneta au dinamo, stata, klachi: kwa lami usibebe. Andika namba zake, piga picha kila kimoja kikiwa kwenye gari na kikiwa pekee, hifadhi kwenye simu, na uwe na namba ya muuzaji mmoja Kariakoo anayelijua gari lako. Muuzaji akipata picha na namba, huna haja ya kumweleza "ile ya mduara yenye miguu mitatu". Mpe jina la basi na namba ya anayepokea.

Kwa Liwale, ongeza pampu ya maji na gasketi yake, na dinamo iliyotumika lakini iliyopimwa. Stata iache: gari la kusukuma linawaka. Kebo ya klachi na ya akseleta za Beetle beba popote uendapo. Ni nyepesi na hakuna atakayekuwa nazo.

Boksi la lami lisizidi kilo 15 bila jeki. La Liwale litafika 40, na hizo kilo ziwekwe mbele ya ekseli ya nyuma, si mwishoni kabisa, zikiwa zimefungwa kwa kamba. Spana zikae kwenye gunia au kitambaa kilichokunjwa, maana kwenye vijituta vya barabara ya vumbi vinavyofanana na bati chuma huru husaga chuma kingine na kutoboa hozi mpya. Spea za moto kwenye kopo lake, kavu. Tochi ya kichwani, glavu, pembetatu mbili za kuonya na kizima moto havikai ndani ya boksi. Vinakaa ndani ya kabini, karibu na mkono wa dereva.